Charles Lightoller, afisa wa Titanic ambaye hakupewa kamwe meli ya biashara ya kuongoza

Watu wengi wa Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie wanaijua Titanic kwa njia ya filamu. Wanakumbuka meli kubwa iliyogonga mlima wa barafu, muziki na wapendanao wawili. Wachache wanajua jina la Charles Herbert Lightoller, afisa wa pili wa meli hiyo, aliyekuwa mkubwa kwa cheo kati ya maafisa wote waliotoka hai.

Alikuwa mtu wa sitaha. Hao ndio maafisa wanaosimama zamu juu ya meli, wanaosoma nyota na ramani, wanaotoa amri kwa mshika usukani na wanaobeba jukumu la abiria wakati wa hatari. Leo vijana wengi duniani wanatafuta kazi hiyo katika meli za watalii. Maisha ya Lightoller yanaonyesha kazi hiyo inampa mtu nini na inamdai nini.

Mtoto wa miaka 13 baharini

Lightoller alizaliwa tarehe 30 mwezi wa tatu 1874 mjini Chorley, katika jimbo la Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Jimbo lile liliishi kwa viwanda vya pamba, na familia yake pia ilikuwa katika biashara hiyo. Mama yake alifariki muda mfupi tu baada ya kumzaa. Baadaye baba yake alihamia New Zealand, akamwacha mtoto mikononi mwa ndugu.

Kijana hakutaka kufungwa ndani ya kiwanda. Alipokuwa na miaka 13, aliandikishwa kama mwanafunzi wa kazi katika meli ya matanga iliyoitwa Primrose Hill. Wakati ule, hiyo ndiyo ilikuwa shule ya maafisa wengi wa Uingereza. Familia ilitia sahihi mkataba wa miaka minne, na mtoto aliishi ndani ya meli. Alipanda milingoti usiku wa dhoruba, alisugua sitaha, alijifunza kamba na matanga, kisha polepole akafundishwa kupima jua na nyota ili kujua meli iko wapi. Baada ya hapo ilibidi apite mitihani mitatu ya serikali: cheti cha afisa wa pili, cheti cha afisa wa kwanza, na mwishoni cheti cha kapiteni.

Kabla ya mtihani wa kwanza, bahari yenyewe ilimpima. Katika safari yake ya pili, ndani ya meli ya Holt Hill, dhoruba ilivunja milingoti na wakalazimika kuingia Rio de Janeiro, nchini Brazili, kwa matengenezo. Kisha, mwezi wa kumi na moja 1889, meli hiyo hiyo ikapanda mwamba kwenye kisiwa cha Saint-Paul, katikati ya Bahari ya Hindi, ambako hapakuwa na mtu. Mabaharia walikaa huko siku kadhaa hadi meli iliyokuwa ikipita ilipowaona na kuwafikisha Adelaide, Australia. Lightoller alikuwa na miaka 15.

Hakuacha kazi. Mtihani wa afisa wa pili aliupita mjini Calcutta, nchini India. Katika meli nyingine, Knight of St Michael, shehena ya makaa ya mawe iliwaka moto katikati ya bahari, naye akapandishwa cheo kwa namna alivyopigana na moto ule.

Malaria, dhahabu na ng'ombe

Mwaka wa 1895, akiwa na miaka 21, alipata cheti cha afisa wa kwanza na akaacha matanga kwa ajili ya meli za mvuke. Kampuni ya Elder Dempster ilimtuma kwenye pwani ya Afrika Magharibi, na huko akafanya kazi karibu miaka mitatu. Malaria ilimshika vibaya, nusura imuue.

Baada ya ugonjwa ule aliacha bahari. Mwaka wa 1898 alikwenda Klondike, kaskazini mwa Kanada, ambako maelfu ya watu walikuwa wakikimbilia dhahabu. Wachimbaji wa Kamituga au Mongbwalu wataielewa haraka hadithi hii: walioona dhahabu walikuwa wachache, na waliorudi mikono mitupu walikuwa wengi. Lightoller alikuwa kati ya hao wengi. Alichunga ng'ombe huko Alberta, akadandia treni za mizigo bila tiketi kuvuka Kanada, na mwishoni akapata njia ya kurudi Uingereza kwa kulisha ng'ombe ndani ya meli. Alifika mwaka wa 1899 bila pesa mfukoni.

Alirudia kazi aliyoijua. Alikamilisha cheti cha kapiteni, na mwezi wa kwanza 1900 akaingia kampuni ya White Star Line, moja kati ya kampuni kubwa za meli za abiria duniani. Alikuwa na cheti cha kuongoza meli, lakini alianza kama afisa wa nne. Katika kampuni kubwa, cheti kilikuwa ruhusa tu. Nafasi ilingojewa kwa miaka.

Utundu wake nusura umharibie. Mwaka huo huo wa 1900, Uingereza ikiwa katika vita na Makaburu wa Afrika Kusini, meli yake ya Medic ilitia nanga Sydney. Usiku mmoja yeye na wenzake walipiga makasia hadi ngome ndogo ya Fort Denison iliyo katikati ya bandari, wakapandisha bendera ya Makaburu na kufyatua mzinga. Hapakuwa na aliyeumia, ila mji uliamka kwa hofu. Lightoller alikiri mwenyewe kwa wakubwa wake, na hakufukuzwa.

Safari za Australia zilimpa pia mke. Alikutana na Sylvia Hawley-Wilson ndani ya meli, wakafunga ndoa Sydney mwezi wa kumi na mbili 1903. Walizaa watoto watano. Kisha kampuni ikamhamishia kwenye njia ya Atlantiki, kati ya Uingereza na New York. Huko ndiko matajiri walisafiri, na huko ndiko afisa angeweza kupanda ngazi haraka.

Zamu ya mwisho kabla ya barafu

Mwezi wa tatu 1912 aliitwa Belfast kuingia Titanic akiwa afisa wa kwanza. Siku chache kabla ya safari, kampuni ilimleta Henry Wilde kuwa afisa mkuu. William Murdoch aliyekuwa afisa mkuu akashushwa kuwa wa kwanza, Lightoller akashushwa kuwa wa pili, na David Blair aliyekuwa wa pili akatolewa melini. Mabadiliko haya ya haraka yalileta fujo ndogo ndogo. Walinzi wa juu ya mlingoti waliuliza darubini zao, na hazikupatikana.

Meli iliondoka Southampton tarehe 10 mwezi wa nne 1912. Maafisa watatu wakubwa walikuwa wanagawana zamu za saa nne nne. Jumapili tarehe 14, Lightoller alishika zamu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Habari za barafu zilikuwa zimeshafika kwa telegrafu, ingawa si zote zilifika kwa maafisa wa zamu. Usiku ulikuwa bila mwezi, na bahari ilitulia kama kioo. Utulivu ule wenyewe ulikuwa hatari, kwa sababu bila mawimbi yanayopiga chini ya mlima wa barafu ni vigumu kuuona kutoka mbali. Yeye na kapiteni Edward Smith walizungumza juu ya jambo hilo karibu saa tatu usiku. Aliwaagiza walinzi wawe macho. Hata hivyo mwendo haukupunguzwa. Meli ilikuwa inakwenda karibu kilomita 40 kwa saa. Ndivyo makapiteni wa Atlantiki walivyozoea kufanya hewa ikiwa safi.

Saa nne usiku alimkabidhi Murdoch zamu, akaenda kulala. Saa tano na dakika 40, meli iligonga.

Wanawake na watoto

Titanic ilibeba watu karibu 2,200. Mashua zake za kuokolea zilikuwa 20, na zote pamoja zilitosha watu 1,178. Kampuni haikuvunja sheria. Sheria ya Uingereza ilihesabu mashua kwa ukubwa wa meli, si kwa idadi ya watu, na iliishia kwenye meli za tani 10,000. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000.

Kapiteni aliamuru wanawake na watoto waingie katika mashua. Lightoller alisimamia upande wa kushoto, Murdoch upande wa kulia. Amri ilikuwa moja, lakini kila mmoja aliielewa kwa namna yake. Murdoch, akikosa wanawake karibu, aliwaruhusu wanaume kuingia. Lightoller aliichukua kuwa ni wanawake na watoto peke yao, pamoja na mabaharia wa kupiga makasia. Mwanamume mmoja tu aliyekuwa abiria alimruhusu, kwa sababu mashua ilikosa mabaharia na mtu yule alikuwa anajua kazi ya mashua. John Jacob Astor, kati ya watu matajiri zaidi wa Marekani, aliomba kukaa na mke wake aliyekuwa na mimba. Lightoller alimkatalia bila kujua ni nani. Astor alikufa usiku ule.

Hapa ndipo watu wanagawanyika juu yake hadi leo. Mashua za kwanza zilishuka na viti vingi vitupu, nyingine hata nusu hazikujaa. Yeye alieleza baadaye kwamba aliogopa mashua zingevunjika kama zingening'inizwa zikiwa zimejaa. Kumbe kiwandani zilikuwa zimepimwa na zikavumilia uzito kamili. Maafisa hawakuwa wameelezwa. Alituma pia watu chini wafungue mlango wa ubavuni, ili mashua zijazwe zikiwa tayari majini. Watu hao hawakurudi. Na mwanzoni abiria wengi hawakuamini kwamba meli hiyo inaweza kuzama, wakakataa kuacha taa na joto kwa ajili ya mashua ndogo gizani.

Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayafuti hesabu. Kila kiti kitupu kilikuwa maisha ya mtu, na baadhi ya wanaume aliowazuia wangeweza kukikalia bila kumwondoa mwanamke yeyote. Kwa upande mwingine, yeye mwenyewe alikataa kuingia katika mashua hata alipopata nafasi.

Mwishoni maji yalifika juu ya sitaha, naye akaruka. Maji yalimvuta na kumbana kwenye wavu wa tundu la hewa la meli, hadi mlipuko wa hewa ya moto kutoka chini ulipomsukuma nje. Aliibukia karibu na mashua moja ya kukunjwa iliyokuwa imepinduka. Bomba kubwa la moshi likaanguka karibu yake, likaua watu majini, na wimbi lake likaisukuma mashua ile mbali na meli.

Watu karibu 30 walisimama juu ya mgongo wa mashua hiyo usiku kucha. Lightoller alishika uongozi. Hewa ilikuwa inatoka chini ya mashua taratibu, hivyo aliwapanga katika mistari na kuwaambia waegemee kushoto au kulia kila wimbi lilipokuja. Wengine walikufa kwa baridi na kuteleza majini. Asubuhi waliobaki wakahamishwa katika mashua nyingine, na meli ya Carpathia ikawachukua. Lightoller alikuwa mtu wa mwisho kupanda. Watu karibu 1,500 walikuwa wamekufa.

Mbele ya tume mbili

Kwa kuwa kapiteni, afisa mkuu na afisa wa kwanza walikuwa wamekufa, maswali yote yalimwangukia yeye. Tume ya Seneti ya Marekani ilianza kumhoji New York siku moja tu baada ya kushuka melini. Kisha tume ya Uingereza, chini ya jaji Lord Mersey, ikamuuliza maswali zaidi ya elfu moja.

Aliilinda kampuni. Alieleza kwamba usiku ule mambo ya ajabu yalikutana yote kwa pamoja, na kwamba kapiteni alifanya kama wengine wote. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake, alikubali kwamba kazi yake mbele ya tume ya Uingereza ilikuwa kuwakinga wakubwa wake na ile wizara yenyewe iliyokuwa imetunga sheria mbovu za mashua. Baharia mwaminifu kwa kampuni alikuwa ameficha sehemu ya ukweli ambao familia za waliokufa zilistahili kuusikia.

Hata hivyo aliunga mkono mabadiliko, na yalikuja. Mwezi wa kwanza 1914 mataifa yalitia sahihi mjini London mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Mashua za kutosha watu wote, mazoezi ya uokozi na usikilizaji wa redio usiku na mchana vikawa sharti. Toleo jipya la mkataba huo ndilo linaloongoza meli za watalii hata leo.

Kwetu somo hilo linafahamika kwa uchungu. Mwezi wa nne 2019, baada ya ajali ya mashua upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliamuru kila abiria kwenye maziwa avae jileti ya uokozi. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua ya Merdi iliyotoka Minova, ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama Ziwa Kivu mbele ya Kituku, watu wa Goma wakiitazama kutoka ufukweni. Amri iliyoandikwa haimwokoi mtu ikiwa hakuna afisa wa kuhesabu abiria na kukataa kung'oa nanga.

Vita, medali na mlango uliofungwa

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Lightoller aliingia jeshi la majini. Meli yake ya kwanza, Oceanic, ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Foula, kaskazini mwa Scotland, mwezi wa tisa 1914. Mwaka wa 1916, akiongoza mashua ndogo ya kivita, alipigana na ndege kubwa ya Wajerumani aina ya Zeppelin, akapewa medali ya ushujaa. Mwaka wa 1918 meli nyingine aliyoiongoza, Falcon, ilizama baada ya kugongana na meli ya kirafiki. Mwezi wa saba mwaka huo, akiwa kwenye Garry, aligonga na kuzamisha nyambizi ya Ujerumani, UB-110, akapewa medali tena. Kapiteni wa nyambizi hiyo alidai baadaye kwamba Waingereza waliwashambulia Wajerumani waliokuwa majini bila silaha. Shutuma hiyo haikupata kuamuliwa mahakamani, na imebaki kando ya jina lake.

Alitoka jeshini na cheo cha komanda. Alikuwa ameongoza meli za vita, alikuwa na cheti cha kapiteni kwa karibu miaka 20, na hakuna aliyekuwa na shaka juu ya ufundi wake. Alirudi White Star akingoja meli yake. Walimpa nafasi ya afisa mkuu kwenye Celtic, na meli kubwa zaidi zikapewa wengine. Kampuni haikutaka kukumbushwa Titanic. Hakuna hata mmoja kati ya maafisa wanne waliookoka aliyepewa meli ya biashara ya kuongoza. Yule aliyeikinga kampuni mbele ya majaji ndiye aliyelipa gharama. Baada ya utumishi wa zaidi ya miaka 20, aliacha kazi, na kampuni haikumshukuru kwa namna iliyostahili.

Yeye na Sylvia walijaribu mambo mengi: nyumba ya wageni, ufugaji wa kuku, biashara ya majumba. Mwaka wa 1935 alichapisha kitabu cha maisha yake.

Kapiteni wa mashua ndogo

Mwaka wa 1929 walinunua mashua ya zamani, wakaitengeneza na kuiita Sundowner. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 18. Hiyo ndiyo meli aliyoiongoza mwenyewe bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote.

Vita vya pili vya dunia vilimpiga mapema. Kijana wake wa mwisho, Brian, rubani wa ndege za kivita, aliuawa katika siku za kwanza kabisa za vita, mwezi wa tisa 1939. Mwaka uliofuata jeshi la Uingereza lilizingirwa Dunkirk, kwenye pwani ya Ufaransa, na serikali ikakusanya mashua za raia kwenda kulitoa. Maafisa wa jeshi la majini walitaka kuichukua Sundowner. Lightoller alijibu kwamba akiwapo yeye, hakuna mwingine atakayeipeleka.

Tarehe 1 mwezi wa sita 1940, akiwa na miaka 66, alivuka na kijana wake mkubwa Roger pamoja na skauti mmoja wa miaka 18. Mashua hiyo haikuwa imewahi kubeba zaidi ya watu 21. Kule Dunkirk waliwapakia wanajeshi karibu 130, wakiwalaza chini ya sitaha na kila pembe hadi mahali pa kuoga, kwa sababu Lightoller alijua kwamba uzito ukikaa juu mashua itapinduka. Ndege za Wajerumani ziliwashambulia njiani. Alikuwa amejifunza kwa Brian jinsi rubani anavyolenga shabaha, na kila mara aligeuza usukani dakika ya mwisho. Walifika Ramsgate, wote wakiwa hai. Usiku wa Titanic mashua zilishuka nusu tupu chini ya macho yake. Safari hii alijaza hadi hapakubaki nafasi ya kuweka mguu.

Roger hakuuona mwisho wa vita. Aliuawa mwezi wa tatu 1945 huko Granville, Ufaransa. Baba yake aliendelea na kazi majini. Baada ya vita alikuwa na karakana ya mashua kando ya mto Thames, akitengeneza mashua za polisi ya mto.

Charles Lightoller alifariki London tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 1952, akiwa na miaka 78. Alikuwa mgonjwa wa moyo, na siku zile mji ulikuwa umefunikwa na moshi mzito wa makaa ya mawe uliowaua maelfu ya watu. Sylvia aliishi miaka mingi baada yake. Sundowner ipo hadi leo, imehifadhiwa Ramsgate, kwenye bandari ile ile ilikowashushia wanajeshi wake.